Bega Liko Wapi?

Hii ni ile hotuba ya Jumamosi niliyotoa kwa vijana wa picha hapa Mji Mkongwe. Wengi wameniomba niiandike maana waliokaa nyuma walisikia feni tu. Nimeiandika vile vile nilivosema, sikuipiga pasi sana, kwahiyo pale nilipozunguka na nyinyi zungukeni na mimi.

Asalaam aleykum, na wengine wote habari za mchana. Jamani huku mbele pana viti. Watu wa picha mna tabia moja, mkiingia pahala mnabanana pembeni kama mnaiogopa katikati, na mimi leo nimekuja kwa ajili ya hiyo hofu.

Nianze na ugomvi. Kila kijana anayekuja kwangu kujifunza anakuja na sheria moja tu kichwani, ile ya theluthi, ile mistari minne ya kwenye skrini ya simu, miwili imelala miwili imesimama, inaikata picha vipande 9, afu ameambiwa mtu muweke kwenye makutano ya mistari, usimweke katikati, katikati ni ushamba. Ukimuuliza kwa nini anakujibu ndo sheria. Nani kaitunga? Hajui. Basi mi leo nataka kuitetea katikati, afu nikimaliza kuitetea nitawaonesha kwamba hata hiyo theluthi yenu imezaliwa na hiyo hiyo katikati mnayoikimbia.

Sisi ni watu wa pwani. Angalia vitu vyetu. Mlango una mbao mbili na kitu katikati. Baraza ipo kushoto na kulia. Mihrabu, ingia msikiti wowote, iko katikati ya ukuta wa kibla, ule wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, watu walishapima katikati ya ukuta zamani hizo. Kanga tukifunga tunataka jina, yale maandishi yake, likae sawa, likienda upande mmoja mtu anakwambia shoga hebu geuka nikuweke vizuri. Sasa mtoto aliyekulia ndani ya vitu hivi unamwambiaje katikati ni ushamba?

Lakini katikati ina kazi yake na watu wengi hawajui ni kazi gani. Hapa nitauliza, wangapi hapa wamewahi kumuona mtu kwa macho yao anabeba mzegazega? Mmoja, wawili, mzee pale nyuma, watatu. Haya, wengine sikilizeni. Mzegazega ni mti unaulaza begani, mzigo mmoja unaning'inia mbele na mwengine nyuma, zamani wauza maji walikuwa wanabeba hivo, debe mbele debe nyuma. Madebe yakiwa sawa bega linakaa katikati ya mti. Sasa debe moja likipungua mchukuzi hamwagi maji ya lile jengine ili yalingane, maji ni pesa yake, anachofanya anasogeza mti tu mpaka debe zito liwe karibu na bega na jepesi liwe mbali, afu anaendelea na safari zake.

Tufanye hesabu ndogo. Mti wa dhiraa 3. Mzigo wa kilo 20 upande huu, kilo 10 upande ule. Bega linakaa wapi? Dhiraa 1 kutoka kwenye zito, dhiraa 2 kutoka kwenye jepesi, kwa sababu 20 mara 1 ni sawa na 10 mara 2. Sasa angalieni bega limekaa wapi kwenye ule mti. Theluthi! Mmeiona? Kwahiyo theluthi inakuja yenyewe pale mzigo mmoja unapokuwa mara mbili ya mwenzake. Mizigo ikiwa na uwiano mwengine bega linakwenda pengine. Kushika theluthi kila siku ni kama mchukuzi ambaye hata akipewa madebe yaliyojaa yote mawili bado anaweka bega upande mmoja, atamwaga maji njia nzima na atasema ndo sheria.

Kwenye picha bega ni katikati ya fremu. Halionekani, halichorwi, lakini jicho la mtazamaji linalihisi. Kitu kizito kikae karibu nalo, kitu chepesi kiende mbali, na vikiwa sawa basi vikae masafa sawa, na kikiwa kimoja peke yake kizito kabisa basi kikae juu ya bega lenyewe, kama mtu aliyejitwisha gunia. Ndo maana mimi nasema ulinganifu na mizani ni ndugu, ulinganifu ni mzegazega wenye madebe sawa, mizani ni mzegazega wa madebe tofauti, mti ni ule ule.

Sasa twende kwenye madebe sawa kwanza, maana hapa mjini ndo tumezungukwa nayo.

Chukua mlango wowote wa zamani hapo nje. Katikati umesimama mfaa, ule ubao mwembamba wa nakshi unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Miimo, zile mbao za fremu zilizosimama kulia na kushoto, ina nakshi za aina moja, mnyororo ukipanda huku na kule unapanda. Juu kizingiti, ua liko katikati. Fundi aliyechonga mlango ule alishakupangia picha kabla babu yako hajazaliwa, na fremu kakuwekea, kazi yako iliyobaki ni kusimama pale alipotaka usimame. Kusimama tu! Na hapo ndo tunaposhindwa sote.

Tunashindwa kwa sababu ulinganifu hauna huruma. Picha ya sokoni ukiilaza nyuzi 2 hakuna atakayejua, mlango ukiulaza nyuzi 2 hata bibi yangu asiyejua simu ilipo kamera atasema mbona kama unaanguka. Na pabaya zaidi ni pale karibu karibu. Ukipiga mlango kutoka pembeni kabisa, watu wanasema kataka. Ukiupiga sawasawa, wanasema kataka. Ukiupiga umekosa kidole kimoja, wanasema kakosea, na kweli umekosea. Kwahiyo ama ulingane ama uachane nao kabisa, ile nusu njia haina mwenyewe.

Sasa kuna makosa ya miguu na kuna makosa ya mikono, na watu wanayachanganya. Kosa la miguu ni kwamba umesimama pasipo, uko kulia kidogo au kushoto kidogo ya mfaa. Kosa la mikono umesimama sawa lakini simu umeishika vibaya. La mikono utalipunguza kwenye kuediti, zile programu zote siku hizi zina kitufe cha kunyoosha na cha kuvuta pembe. La miguu halitengenezeki, andikeni hilo. Kwa nini? Kwa sababu mlango una kina, haukuchorwa kwenye karatasi, miimo ina unene, ukisimama kulia unauona upande wa ndani wa mwimo wa kushoto na wa kulia umejificha, na hakuna programu itakayokunyooshea ikakurudishia kitu ambacho kamera haikukiona, labda iambiwe ibuni.

Na hiyo hiyo ndo dawa. Ukifika mlangoni usiangalie mlango, angalia unene wa miimo. Ukiona unene wa kushoto mwingi kuliko wa kulia, uko kulia sana, jongea kushoto. Jongea nusu unyayo, angalia tena. Unene ukionekana sawa pande zote mbili hapo umepata pahala pa fundi, weka alama na kandambili yako, ndo upandishe simu. Huhitaji futi wala kifaa. Mimi wateja wananiona nacheza pale mbele ya mlango kama napima kaburi, wananicheka, mpaka waione picha.

Mikono sasa. Simu inaweza kulala, hiyo kila mtu anaijua. Inaweza kuinama au kuinuka, na hii ndo inayoumiza hapa mjini, mlango ni mrefu uchochoro ni mwembamba, unainua simu uupate mpaka juu, basi miimo inaanza kukaribiana juu kama watu wananong'ona. Dawa ni kuisimamisha simu wima kabisa, ukubali nusu ya chini ya picha kuwa sakafu, afu ukaikropu baadae. Au upandishe kamera yenyewe, mimi natembea na kigoda cha plastiki cha muuza kahawa, msicheke, kigoda kile kimeniokoa kuliko lenzi yoyote. Ya tatu simu inaweza kugeuka, kushoto au kulia, utaijua pale mwimo mmoja unapokuwa mrefu kuliko mwenzake wakati miguu yako iko sawa.

Na hiyo nukta tano, ile lenzi pana ya simu mnayoipenda, naomba muiache. Najua uchochoro hauna nafasi ya kurudi nyuma. Lakini lenzi pana inavuta vitu vya pembeni na kosa dogo linakuwa kubwa. Kama nafasi hamna piga nusu ya mlango, kata pale pale kwenye mfaa, ubao mmoja, misumari ya shaba, mtazamaji atajimalizia nusu ya pili kichwani mwake. Nusu ya kitu kinacholingana ina nguvu ya ajabu sana.

Sasa siri ya mfaa. Tunauona uko katikati, tunasema mlango umelingana. Lakini mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu! Ubao mmoja ukifunguliwa mfaa unabaki na mwenzake, na pale pale ulinganifu wote unavunjika, upande mmoja kuna nakshi na upande wa pili kuna shimo la giza. Watu wengi hapo wanasubiri mlango ufungwe ndo wapige. Mimi naomba usifungwe. Shimo la giza ni zito, linavuta jicho ndani, kwahiyo nahitaji kitu upande ule uliofungwa, na hapa mjini Mungu katupa paka. Paka mmoja mweupe amelala mwisho kabisa wa baraza, mbali na mfaa, anatosha kubeba giza lote lile. Paka mdogo lakini yuko mbali na bega. Mmeupata mzegazega? Akija kulala katikati karibu na kizingiti cha chini picha inaanguka, nimewahi kukaa dakika 40 namsubiri paka ahame, kampata samaki kwa jirani akahama kweli, ila hakurudi.

Nje ya mada kidogo. Nyumba za Waswahili wa zamani, nendeni Lamu mtaziona bado, mlango kwa nje unalingana kama hivo lakini ukiingia dakani, pale pa kuingilia, njia inapinda, haiendi moja kwa moja mpaka uwani, imefanywa kusudi mpita njia asiwaone watu wa ndani. Yaani ulinganifu ni wa wageni, wenyeji wanaishi nyuma ya kona. Sijui kama ina uhusiano na picha lakini nikipiga picha za watu majumbani kwao huwa naikumbuka.

Haya, watu. Mimi mkate wangu ni harusi, miaka 30 na kitu, na kosa nililolipia zaidi ni la ulinganifu huo huo ninaousifia. Nilimsimamisha bibi harusi mbele ya mlango, katikati barabara, nimepima miimo, kila kitu sawa, nikajisifu. Picha zikatoka, mfaa umemuota utosini kama antena. Mama wa bibi harusi aliniita nje, sitasema aliyoniambia. Tangu siku ile nikijua nyuma kuna mstari umesimama katikati basi mtu mmoja simweki katikati, naweka wawili, mfaa ukapita baina yao, au namleta mbele sana na namkalisha chini kigodani mpaka kichwa kiwe chini ya nakshi na mlango ufifie nyuma. Mlango na mtu wote wakitaka kuwa mfalme wa katikati, mmoja lazima ashushwe.

Kazi hii nilijifunza studio, enzi za filamu, na kamera yetu ilikuwa Yashica ile ya lenzi mbili, unaining'iniza shingoni unachungulia kwa juu. Filamu ya 120 inakupa picha 12 za mraba basi, ukizimaliza unabadilisha. Sasa kioo cha kamera ile kinageuza, kulia kwako kunaonekana kushoto, mtu akisogea huku unamuona anakwenda kule, wiki ya kwanza unataka kutoa machozi. Lakini baada ya miezi nikagundua kile kilikuwa ndo mwalimu wangu wa mizani. Ukiona kitu kimegeuzwa unaacha kumuona Bi Fulani, unaona doa jeupe hapa, doa jeusi pale, lipi linazidi. Leo mnaweza kufanya hivo bure. Piga picha yako, nenda kwenye editi, igeuze kushoto iwe kulia. Ikiwa na kasoro itakurukia usoni pale pale, maana ile ya kwanza jicho lako lilishaizoea. Igeuze na juu chini kabisa, inakuwa bora zaidi. Mimi nafanya hivo kwa kila picha inayokwenda kwenye albamu mpaka leo.

Na mkirudi nyumbani fungueni albamu za bibi zenu. Picha za studio za Unguja, za Mombasa, za Lamu. Hapa kwetu kuna Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza 1930, na Mombasa kulikuwa na Parekh, watu hawa walikuwa wanaelewa mzigo. Kwenye picha za studio za zama zile utaona mtu kasimama upande, mkono kaulaza kwenye kimeza kirefu, juu ya kimeza chombo cha maua. Mimi udogoni nikidhani maua ni pambo. Kumbe lile ni debe la pili! Mtu ni mzito, yuko karibu na katikati, maua ni mepesi, yako pembeni, na mkono ule uliolala mezani ndo mti wenyewe wa mzegazega. Wazee hawakuwa na YouTube, walikuwa na kimeza.

Nilikitumia kimeza hicho mwaka juzi, bila ya kimeza. Picha ya familia, watu 11, babu yuko kwenye kiti cha magurudumu na kiti hakipandi ngazi, kwahiyo lazima abaki chini upande wa kulia, wengine wote wanataka kuwa karibu na babu, picha nzima imelala kulia kama daladala la saa kumi na mbili. Mtoto wa kiume anasema tumbebe babu tumpandishe katikati. Babu hataki kubebwa na mimi namuunga mkono babu. Nikamchukua mjukuu mdogo kuliko wote, ana miaka 4 hivi, gauni jekundu, nikamwambia kakae mwisho wa ngazi kule kushoto peke yako, afu mtizame babu. Basi. Babu na kundi zima upande huu, kitoto kimoja chekundu upande ule, na macho yake yanavuka picha nzima kurudi kwa babu. Imesimama. Waliitundika ukutani, na babu akawa anasema ile ni picha yake na yule mtoto, wengine wamepita tu.

Hapo mmeona uzito wa kwenye picha hauna uhusiano na kilo. Kitu gani kizito? Uso wa mtu, na ndani ya uso macho. Mlango mzima wa kifahari na macho ya mtoto dirishani, macho yanashinda. Rangi nyekundu nzito. Kitu cheupe kwenye giza kizito, na cheusi kwenye mwanga hivo hivo, kinachopingana na wenzake ndo kinavuta. Kitu kilichojitenga kizito kuliko kilichomo kundini. Na maandishi! Maandishi ni mazito sana watu hawajui, jicho likiona herufi linasoma, haliombi ruhusa, umepiga picha ya mamako vizuri nyuma kuna tangazo la vocha, kila mtu anasoma vocha. Na mwelekeo, mtu akitizama kushoto ule upande mtupu wa kushoto haupo mtupu tena, macho yake yameujaza. Ndo maana mtu wa theluthi anayetizama ndani ya picha anasimama vizuri, na mtu wa theluthi anayetizama nje ya picha anaonekana kama anasubiri gari.

Kuhusu kanga nitasema moja tu. Kanga ina pindo, ina mji, ule uwanja wa katikati, ina jina. Watu wa picha mnaangalia mji, hamuangalii pindo. Kabla hujabonyeza zungusha jicho kwenye pindo la picha yako pande zote nne, mkono wa nani umeingia, taa ya nani imechungulia, maana kitu kidogo pindoni kiko mbali kabisa na bega, na kitu cha mbali, tumeshasema. Waya mmoja tu pembeni unaweza kuangusha picha nzima.

Tutoke mjini tukapunge upepo. Wale wa pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, nyinyi mna ulinganifu wa kulala, wa juu na chini. Bamvua likitoa maji yanakwenda mbali sana, yanaacha vidimbwi, na asubuhi kabla upepo haujaamka kile kidimbwi ni kioo. Hapo ruhusa, weka mstari wa maji katikati ya picha bila ya kuona haya, sheria ya theluthi iache hotelini. Ila jueni jambo moja, sura ya ndani ya maji inakuwa na giza kidogo kuliko kitu chenyewe, sehemu ya mwanga inazama hairudi. Kwahiyo picha yako ya kioo chini ni nzito kuliko juu hata kama mstari uko nusu kwa nusu. Wengine wanaing'arisha chini kwenye editi mpaka zilingane kabisa, mimi sifanyi, inakuwa kama karata ya mzungu wa nne, ile ya mfalme, hujui juu wapi.

Afu kuna ngalawa. Ngalawa ikivutwa mchangani ukaipiga kwa mbele, mirengu miwili huku na huku, ni mlango mwengine huo, pima kama mlango. Lakini ikiwa baharini na tanga limejaa, sahau. Tanga letu ni pembetatu iliyoinama, foromali, ule mti unaoshika tanga, inakwenda juu upande mmoja, hakuna chochote kinacholingana pale na chombo hakizami. Mmeshaona mashindano ya mashua Lamu? Upepo ukizidi wanatoa ubao nje upande unaotoka upepo, mabaharia wanaukalia mpaka mwisho kabisa, wako nje juu ya maji. Tanga kubwa limelalia upande wa pili, watu watatu mbali kwenye ubao wanalirudisha. Yule mpiga picha anayekata ule ubao ili mashua ijae vizuri kwenye fremu kawatupa baharini watu walioibeba picha yake. Niliona picha kama hiyo kwenye kalenda moja, mashua imeinama na hakuna anayeizuia, nilikaa nayo ukutani mwaka mzima roho haitulii.

Na la mwisho nililokuja nalo, Beit al-Ajaib. Sultan Barghash aliijenga 1883, na mnara wa saa ulikuja kukaa pale mbele katikati baada ya mabomu ya Waingereza ya 1896. Sisi wapiga picha wa mji huu tuliipiga jumba lile mpaka tukachoka, nguzo huku nguzo huku, mnara katikati, ilikuwa picha ya mvivu, unasimama Forodhani unabonyeza. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaanguka na mnara ukaenda nao. Nilikwenda baadae na kamera. Nikasimama pale pale pa kila siku, alama yangu ninaijua, na miguu ikawa inakataa. Jicho lilikuwa linautafuta mnara, linarudi katikati halikuti kitu. Nikapiga kutoka pale pale hata hivo, bila ya kusogeza bega, bila ya kutafuta debe la upande wa pili. Picha imeanguka na nimeiacha ianguke. Sijawahi kumuonesha mteja.

Haya, maswali. Dada wa mtandio wa kijani.

Aliuliza: ami, na kama mlango wenyewe umepinda?

Swali zuri sana hilo, na milango mingi hapa imepinda kweli, nyumba zimekaa chini upande mmoja, chokaa imekula unyevu, ukinyoosha kizingiti mfaa unalala, ukinyoosha mfaa kizingiti kinalala. Mimi nanyoosha mfaa. Mtu akitizama mlango jicho linashuka na mfaa kutoka juu mpaka chini, ukiwa wima atasamehe vyengine vyote, atasema nyumba ya zamani hii. Mfaa ukilala atasema mpiga picha kalewa.

Kijana mmoja akauliza kuhusu nyuso, kama uso wa mtu nao tuulinganishe. Hapana mwanangu. Uso haulingani, jicho moja dogo, nyusi moja imepanda, na bwana harusi ukimpiga uso kwa uso kabisa na taa mbili sawa pande zote anatoka kama wa kitambulisho. Picha yako ya kitambulisho ndo picha yako iliyolingana kuliko zote ulizonazo, nani anaipenda hapa? Muonesheni mwenzenu. Mnaona, hamna. Mgeuze kidogo, taa moja isogee, upande mmoja upate kivuli, kivuli nacho kina uzito wake.

Mzee wa nyuma, yule wa mzegazega, yeye hakuuliza, alisema baba yake alikuwa mchukuzi wa maji na kwamba nimesahau jambo, mti wenyewe ulikuwa unanesa, ukitembea unacheza na hatua, na mchukuzi mzuri anatembea kwa kunesa kwake. Nikamwambia mzee hilo sina jibu nalo kwenye picha, hebu njoo nasi huko nje unioneshe mwendo wenyewe.

Basi tokeni. Saa kumi hii jua limeshatoka usoni pa milango, kivuli chote kiko laini. Kila mtu achague mlango mmoja, apige tatu tu, asifute. Mwenye chaji chini ya 20 aseme sasa hivi, na kigoda kipo kimoja kwahiyo mtapokezana.